Nani Amngoje Mtoto: Historia ya Mwito Mmoja wa Kompyuta

Unix ya mwanzo kabisa haikuwa na haja ya kungoja. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakijenga mfumo wao juu ya PDP-7, kompyuta iliyokwisha kupitwa na wakati hata siku zile. Mtumiaji alipoandika amri, sheli, yaani ile programu inayopokea amri, ilileta faili la amri hiyo kutoka kwenye diski na kuliandika pale pale ilipokuwa yenyewe kwenye kumbukumbu. Amri ilipomaliza kazi, mfumo ulileta nakala mpya ya sheli na kuiandika juu ya amri. Hapakuwa na mzazi wala mtoto. Alikuwapo mmoja tu, anayebadilika sura.

Wazo la kuupasua mchakato mmoja ukawa miwili lilikuwapo tayari. Melvin Conway alieleza fork na join katika makala ya mwaka 1963, ya kwanza ikiwa ya kupasua na ya pili ya kukutanisha. Mfumo wa Genie wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikosoma Thompson, nao ulikuwa na fork yake. Ritchie alieleza baadaye kwamba kuitia fork ndani ya PDP-7 kulihitaji mistari 27 tu ya msimbo wa asembli. Kwa mistari hiyo sheli iliweza kubaki hai huku nakala yake ikigeuka kuwa amri. Papo hapo likazuka swali ambalo awali halikuwapo: sheli itajuaje kwamba mtoto wake amemaliza?

Jibu lao la kwanza lilikuwa la ajabu, na tunalijua kwa sababu Ritchie alilisimulia mwenyewe katika mkutano wa Sydney mwaka 1979. Mfumo ulikuwa na miito miwili ya kupelekeana ujumbe wa neno moja baina ya michakato: smes ya kutuma na rmes ya kupokea. Ujumbe haukupangwa foleni. Aliyetuma alikwama pale pale mpaka mlengwa ausome. Basi sheli ilipomzaa mtoto ilimtumia ujumbe ambao ilitarajia hatausoma kamwe. Ikakwama. Mtoto alipokufa, ule mwito wa kutuma ulirudi na taarifa ya kosa kwamba mlengwa hayupo tena, na kosa hilo ndilo lililokuwa habari njema: amri imekwisha, soma mstari unaofuata.

Ujanja huo ulikuwa na tundu. Kama amri yenyewe ingeamua kutumia rmes kwa shughuli zake, ingeudaka ule ujumbe wa bandia, na sheli ingeamka ikidhani mtoto amekufa ilhali bado anafanya kazi. Ritchie alikiri kwamba hakumbuki matumizi mengine ya ujumbe huo zaidi ya haya ya kungoja, pamoja na yale ya programu ya kuanzishia mfumo, mchakato namba 1, iliyongoja taarifa kutoka sheli za kila teletaipu. Kwa hiyo wakautupa utaratibu wote wa ujumbe na kuweka mwito mmoja mwembamba unaofanya lile jambo moja tu. Wakauita wait. Katika kitabu cha maelekezo cha Novemba 1971 tayari uko mahali pake, kando ya fork na exit.

Uamuzi huu nauona ndio kitovu cha historia yote inayofuata. Walichagua chombo kilichotosha kwa haja waliyokuwa nayo, na haja ilikuwa ya sheli iliyozaa mtoto mmoja, ikamngoja, ikasoma amri nyingine. wait haikuuliza unamngoja nani. Ilirudi na habari za mtoto yeyote aliyetangulia kufa. Mtoto aliyekufa kabla hajaulizwa aliachiwa nafasi yake kwenye jedwali la michakato, bila kumbukumbu wala faili, akishikilia namba yake na sababu ya kifo chake tu, wakamwita zombi. Mzazi akifa kwanza, yatima alirithiwa na mchakato namba 1. Habari yenyewe ilikuja ndani ya biti 16, upana wa neno la PDP-11, mashine waliyohamia baada ya PDP-7: baiti ya chini ilikuwa ya mfumo, ikisema kama mtoto aliuawa na ishara na ishara ipi, na baiti ya juu ilikuwa ya mtoto mwenyewe, ile namba aliyoitoa akiaga.

Mpango huu ulianza kuelemewa mara tu programu moja ilipojengwa na mikono miwili. Tazama system, kitendo cha maktaba ya Toleo la Saba la Unix, la mwaka 1979, kinachoendesha amri kwa niaba ya programu yako. Ndani yake palikuwa na mzunguko mfupi: ita wait, na kama namba iliyorudi si ya mtoto wangu, ita tena. Ndivyo tu. Lakini yule mtoto mwingine ambaye habari zake zimerudi ni wa nani? Ni wa sehemu nyingine ya programu hiyo hiyo, na sehemu hiyo itakapokuja kumuuliza itaambiwa hayupo. Habari ya kifo husomwa mara moja tu, na aliyeisoma alikuwa amekwisha kuitupa. Hakuna mstari uliokosewa hapo. Kila mwandishi alifanya sawasawa upande wake, na mtoto akapotea katikati.

Miaka ya mwanzo ya 1980 Unix ilikuwa imegawanyika koo mbili, na kila ukoo ulilitibu tatizo kwa dawa yake. Berkeley walikuwa na msukumo wa pekee. Jim Kulp, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya IIASA nchini Austria, alibuni njia ya kusimamisha amri inayoendelea na kuirudisha baadaye, nayo ikaingia BSD, Unix ya Berkeley. Sasa mtoto angeweza kuwa hajafa ila amesimamishwa tu, na mzazi alihitaji kujua. Ukazaliwa mwito wa wait3 wenye bendera mbili: moja iliyosema nipe pia habari za waliosimamishwa, na nyingine iliyosema kama hakuna jipya, usinikwamishe, rudi mara moja. Hii ya pili ilikuwa ukombozi. Kwa mara ya kwanza mzazi aliweza kuchungulia bila kusimamisha kazi zake. Habari zenyewe Berkeley walizifunga ndani ya umbo walilolipa jina la union wait, lenye vijisehemu vilivyokatwa kwa biti. Lilisomeka vizuri kuliko kuhesabu biti kwa mkono, ila mpangilio wa vijisehemu ilibidi uandikwe upya kwa mashine zinazoanza na baiti kubwa na zile zinazoanza na ndogo.

AT&T, kwa Unix yao ya System V, walishika njia ya ishara. Mtoto akifa, kiini cha mfumo humtumia mzazi ishara ya SIGCLD; BSD nao walikuwa na yao, SIGCHLD. Majina yalikaribiana mno, na ukaribu huo uliwaponza wengi, kwani tabia zilitofautiana. Katika System V, mzazi akitangaza kwamba anaipuuza ishara hiyo, watoto wake hufa bila kuacha zombi, na akiita wait atakwama mpaka wote waishe, kisha ataambiwa hana mtoto. Katika BSD kupuuza huko hakukubadili chochote. Seva iliyoandikwa kwa System V ikihamishiwa BSD ilijaza jedwali kwa zombi hadi mashine ikashindwa kuzaa mchakato mpya. Ikihama kinyume chake, seva ya BSD ilikuta habari za watoto wake zimefutwa kabla haijazisoma.

Pabaya zaidi palikuwa kwenye kipokezi cha ishara. Enzi zile desturi ilikuwa kipokezi kujisajili upya katika mstari wake wa kwanza, kwa sababu mfumo ulikifuta kila ishara ilipofika. Lakini System V ilipopokea usajili wa SIGCLD ilikagua kama tayari yupo mtoto mfu anayengoja kuulizwa, na kama yupo ikakiita kipokezi papo hapo. Kipokezi kikajisajili, kikaitwa, kikajisajili, kikaitwa, mpaka nafasi ya kumbukumbu ikaisha na programu ikaanguka. Dawa ilikuwa kuita wait kwanza na kujisajili baadaye. Mistari miwili kubadilishana nafasi tu, ila ni nani angeng'amua hilo usiku wa manane akiwa mbele ya mashine ya mteja?

Kiwango cha POSIX, cha kuzipatanisha koo hizi, kilitoka mwaka 1988 kwa jina la IEEE 1003.1, na jina la POSIX lilipendekezwa na Richard Stallman. Wajumbe wake walifanya mambo mawili ninayoyastahi sana. La kwanza ni waitpid: mwito unaokuruhusu kutaja mtoto unayemtaka kwa namba yake, pamoja na bendera za Berkeley. Kosa la system likapata tiba, kwa kuwa sasa kila sehemu ya programu ingemngoja wa kwake. La pili ni kukataa kuamua biti zipangwe vipi. Badala ya umbo la BSD au hesabu za Toleo la Saba, waliweka namba nzima ya kawaida na majina ya kuiuliza maswali: WIFEXITED, je, alitoka kwa hiari? WEXITSTATUS, alitoka na namba gani? WIFSIGNALED, je, aliuawa? Kila mfumo ukabaki huru kupanga biti utakavyo, mradi ujibu maswali hayo. Umbo la union wait lilichelewa kuondoka. Maktaba ya GNU ya C ililibeba mpaka toleo la 2.24 la mwaka 2016.

Kuhusu kuipuuza ishara ya kifo, wajumbe hawakuafikiana, wakaliacha jambo hilo bila kauli. Tabia ya System V iliingizwa rasmi mwaka 2001, na Linux ikaifuata kikamilifu katika toleo la 2.6.

Hata hivyo kiwango ni karatasi, na mashine zilizokwisha kununuliwa haziitii karatasi. Katika miaka iliyofuata 1988 aliyetaka programu yake iende kila mahali ilimbidi aandike kwa ajili ya mifumo isiyojua waitpid kabisa. Perl ya Larry Wall ina mfano mzuri. Pasipo na waitpid wala mwenzake wait4, Perl huita wait ya kale, na akirudi mtoto ambaye hakuulizwa, haimtupi: humwandika kwenye jedwali lake la ndani kwa namba yake, ili siku atakapoulizwa jibu lipo. Mistari michache inasahihisha dhuluma ya 1979. Autoconf nayo, zana ya kuandaa programu kwa mifumo tofauti iliyoanza mwaka 1991, iliwekewa kipimo maalumu cha kuchunguza kama faili la sys/wait.h la mfumo husika linafuata POSIX, na maelekezo yake humpa mwandishi maana ya akiba ya WEXITSTATUS: sukuma biti 8 kuelekea kulia.

Upande mwingine wa mto palikuwa na Microsoft. MS-DOS 2.0 ya Machi 1983 iliweza kuendesha mtoto, lakini mzazi alilala mpaka mtoto amalize, kwa hiyo kungoja hakukuwa chaguo. Baada ya hapo mzazi aliuliza matokeo kwa huduma namba 4Dh, na kama Unix, jibu lilitolewa mara moja tu. Nalo lilikuja kwa baiti mbili, zikiwa zimegeuzwa: namba ya mtoto chini, sababu ya kuisha juu.

Windows NT, iliyotoka Julai 1993 chini ya uongozi wa Dave Cutler aliyetoka kampuni ya DEC, iliacha kabisa fikra ya uzazi. Ukianzisha mchakato unapewa kishikio, na kishikio hicho ni kama stakabadhi ya mzigo: aliye nacho ndiye mwenye haki ya kuuliza, awe mzazi au jirani, na anaweza kuwapa wengine nakala. Mchakato ukifa, habari zake hubaki mpaka kishikio cha mwisho kifungwe, na unaweza kuzisoma mara mia. Mwito wa kungoja, WaitForSingleObject, unakubali kikomo cha muda, jambo ambalo wait ya Unix haijawahi kulijua. Mwenzake, WaitForMultipleObjects, unangoja vitu hadi 64 kwa pamoja. Namba ya kutokea ina biti 32 kamili. Haina ishara ndani yake. Programu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake huacha namba 0xC0000005, na ni juu yako kuitambua. Hata huko kuna mtego: namba 259 imetengwa kumaanisha bado yu hai. Mchakato ukichagua kutoka na 259, anayeisoma namba hiyo bila kukingoja kishikio atasadiki kwamba kazi inaendelea.

Waunganishaji wa pande hizi mbili walipata shida ambazo hazina jibu lililo sahihi kabisa. Maktaba ya C ya Windows ina mwito wa exec wa Unix kwa jina, lakini badala ya kubadilisha sura ya mchakato uliopo, huanzisha mwingine na kuua wa kwanza. Aliyekuwa akiungoja wa kwanza huambiwa umekwisha wakati kazi ndiyo kwanza inaanza, mle mle kwenye tundu la smes na rmes. Perl 5.6 ya mwaka 2000 iliiga fork juu ya Windows kwa kutumia nyuzi ndani ya mchakato mmoja, na watoto hao wa kuiga wakapewa namba hasi ili wasichanganywe na michakato ya kweli. Python ilichagua kuisukuma namba ya Windows biti 8 kushoto, kusudi programu zilizozoea kuisukuma kulia zipate jibu lile lile. Java ilifuata sheli: aliyeuawa na ishara hutolewa kwa 128 kujumlisha namba ya ishara. Moduli ya subprocess ya Python, ya mwaka 2004, ikaamua namba ya ishara igeuzwe hasi. Lugha mbili zinazoishi kwenye mashine moja zinamsimulia marehemu yule yule kwa namba tofauti, na kila moja ina hoja ya kweli.

Kulikuwa na ugonjwa mwingine, wa siri zaidi. Namba ya mchakato si mali ya kudumu. Mtoto akishafa na kuulizwa, namba yake hurudi ghalani na kupewa mwingine. Kwa muda mrefu Linux ilizungusha namba zisizozidi 32768. Uzi mmoja wa programu ukimaliza kumngoja mtoto sekunde ile ile uzi wa pili unataka kumtumia ishara ya kumuua, ishara inaweza kumwangukia mchakato mgeni kabisa. System V Release 4 ilikuwa imeleta waitid yenye bendera ya WNOWAIT: niambie akifa, lakini mwache alivyo, usimzike bado. Ilionekana tiba kamili, maana namba haiwezi kutolewa tena zombi angali yupo.

Gnulib, hazina ya GNU ya misimbo ya kuziba tofauti za mifumo, ilijaribu kuitumia hivyo, ikaizima. Maelezo ndani ya msimbo yanataja sababu bila kuremba: WNOWAIT ikitumiwa bila WEXITED, bendera ya kuomba waliokufa, Solaris 7 na OSF/1 4.0 zinarudisha kosa la kwamba hakuna mtoto, na HP-UX 10.20 inaganda moja kwa moja. Watunzaji wa lugha ya Go walikutana na jambo la jinsi hiyo kwenye mfumo wa Apple, ambako waitid ilirudi hata mtoto aliposimamishwa tu, ingawa waliomba waliokufa peke yao. Nao wakaacha kuitumia pale. Maelezo ya namna hii ndiyo hunifanya nisome misimbo ya watu. Kila sentensi ina mtu nyuma yake aliyepata mashine ya aina ile, akaijaribu, akaandika alichokiona ili mwenzake asipotee.

Suala la kikomo cha muda lilibaki vilevile. Python ilipoongeza kungoja kwa muda maalumu katika toleo la 3.3, upande wa Unix ilibidi ichungulie, ilale kidogo, ichungulie tena, usingizi ukirefuka maradufu mpaka sehemu ya ishirini ya sekunde. Njia safi zilikuwapo, lakini kila mfumo na yake. FreeBSD ilileta kqueue mwaka 2000, kazi ya Jonathan Lemon, inayoweza kuripoti kifo cha mchakato kwenye foleni moja na habari za mtandao na faili. FreeBSD hiyo hiyo ilitoa vishikio vya michakato katika toleo la 9.0 la mwaka 2012, kutokana na mradi wa usalama wa Capsicum. Linux ilifika mwaka 2019 kwa kazi ya Christian Brauner na wenzake: toleo la 5.3 likaleta pidfd_open, mwito unaokupa kishikio cha faili kinachomwakilisha mchakato mmoja tu, hata namba yake ikigawiwa mwingine, na la 5.4 likaruhusu waitid kukipokea kishikio hicho. Miaka 26 baada ya NT, Unix ilikuwa na stakabadhi.

Uzazi haujaondoka. Kishikio cha Linux kinaweza kushikwa na yeyote mwenye ruhusa na kumwamsha mwenye nacho mchakato unapokufa, lakini kusoma namba ya kutokea kwa waitid kumebaki haki ya mzazi.

Go iliingiza pidfd ndani ya kifurushi chake cha os katika toleo la 1.23, Agosti 2024. Mwandishi wa programu habadilishi kitu. Huita Wait kama zamani. Chini yake, Windows hutumia kishikio, Linux mpya hutumia pidfd, na Linux ya kale hutumia namba. Ili kuchagua, Go hujaribu miito hiyo mara moja na kutazama kama inajibu. Muda si mrefu zikaja taarifa za programu kuanguka kwenye Android za zamani: kichujio cha usalama cha simu hizo hakikurudisha kosa kwa mwito kisioujua, kilituma ishara ya SIGSYS na kuiua programu nzima kwa sababu ya kuuliza. Marekebisho yakafanywa, kwamba Go huikinga ishara hiyo kwa muda wa kuuliza tu, na jibu likiwa baya hurudi kumngoja mtoto kwa namba yake.